Mtani na Futikamba

Baba yangu alikuwa na imani moja iliyonikera kuliko zote: asiyepimwa haumwi. Kaka yake, yaani baba mkubwa, naye aliishi hivyohivyo mpaka presha ilipomwangusha shambani kwake Kingolwira. Kiharusi kilimlaza miaka, na shamba lenyewe likauzwa ili kumtibu. Baba aliyaona yote hayo. Bado kila nilipomwambia twende zahanati ya hapa Mwembesongo, kupima kwenyewe bure, alinijibu, "Hospitali unakwenda mzima, unarudi mgonjwa." Nilibembeleza, nikanuna, nikalia. Kichwa kilimuuma kila siku, nami niliogopa kweli.

Mwishowe nikamwendea jirani yetu, mzee wa Kinyamwezi, mtani wa baba. Sisi Waluguru, mtani akikutukana, hata msibani, hununi. Ukinuna umeshindwa.

Kesho yake asubuhi alikuja na jembe na futikamba. Baba alikuwa barazani anakunywa uji. Mzee hakusalimia, akaanza kumpima, kisigino mpaka utosi.

"We, unafanya nini?"

"Nachimba kaburi mapema. Kaka yako mlimuuguza mpaka shamba likaisha. Wewe shamba huna, watauza nini?" Akanigeukia. "Mwanangu, baba yako mfupi. Mbao zitabaki."

Mama alikimbilia jikoni kucheka. Baba aliuweka uji chini kwa hasira, lakini angenuna vipi?

"Twende huko zahanati!" akafoka. "Nikionekana mzima, jembe hilo utanilimia bustani mwezi mzima."

Presha yake ilikuwa juu. Nesi akamwandikia dawa na kumwambia apunguze chumvi, na mtani akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na wewe babu, keti," nesi akamwambia.

Akakaa huku bado anacheka. Nesi alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, kisha akaenda kumwita daktari. Tulirudi nyumbani na dawa za wazee wawili, mtani kabeba jembe lake begani.

Siku hizi baba analalamika: zamani hakununua hata kidonge kimoja, tangu apimwe ananunua dawa kila mwezi, sasa faida iko wapi? Lakini kila asubuhi, kabla hajagusa uji, namwona anavuka uwanja na vidonge vyake na kikombe cha maji, anagonga mlango wa jirani.

"Meza na wewe vyako nikuone," anamwambia. "Ukitangulia wewe, nani atanitukana msibani kwangu?"