Petroli ya Kawaida Katika Gari la Marehemu

Nilikuwa fundi wa magari huko ughaibuni, mtaa wa Downsview, katika gereji iliyobanwa kati ya maghala mawili, nilipoletewa gari ambalo mwenyewe alisema linaomboleza.

Alikuwa muuguzi, Mkenya, mjane wa miezi minne. Mumewe alikuwa amefariki ghafla kazini, moyo ulisimama akiwa mezani kwake. Aliacha gari la michezo jeusi, la milango miwili, lenye tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini. Akiwa hai hakuruhusu mtu mwingine yeyote kuliendesha.

"Fundi, hii gari imebadilika," aliniambia. "Bwanangu akiiendesha ilikuwa inaruka. Mimi nikikanyaga, inafikiria kwanza. Ni kama inamngoja."

Nilimuuliza anaweka petroli gani.

"Ya kawaida. Si zote ni moja tu?"

"Na marehemu?"

"Sijui. Alikuwa anajaza mwenyewe."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwakataza watu kupoteza hela zao kwenye petroli ya oktani ya juu. Mzee mmoja wa kanisani kwetu aliijaza kwenye gari lake dogo la familia, akaapa kwamba sasa linapaa. Nikamwambia kinachopaa ni imani yake. Oktani hupima tu jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kuwaka yenyewe, na injini ya gari kama lake haibani kiasi cha kuihitaji. Lakini injini yenye tabo hubana mno. Nilidhani nimeshapata jibu kabla sijafungua boneti.

Tulitoka kulijaribu, yeye akiwa kiti cha abiria. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, maghala yameyeyuka, taa za malori zinatokea mbele yetu bila malori. Nilipowasha, kiti changu kilianza kurudi nyuma chenyewe, polepole. Vioo vya pembeni vikainama. Kila kitu kikajipanga kwa mtu mrefu kuliko mimi. Mjane aliangalia mbele.

Barabarani nilikanyaga mafuta. Gari lilisita, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, kisha likaenda bila hamu.

Tuliporudi nilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Nikamweleza kwamba kwenye injini kuna kidude kama sikio, kazi yake ni kusikiliza.

"Inasikiliza nini?"

"Kugonga. Petroli ikiwaka kabla ya wakati wake, hugonga ndani. Sisi hatusikii, kompyuta inasikia. Hapa inaonyesha kuna kugonga kila ukikanyaga."

Alirudi hatua moja nyuma. "Nani anagonga?"

Hakuuliza ni nini. Aliuliza ni nani. Nikaharakisha maelezo: kompyuta ikisikia hivyo huchelewesha cheche ili injini isiumie, na nguvu hupungua. Gari hili lilitengenezwa kwa petroli ya oktani tisini na moja, na ndani ya kifuniko cha tangi imeandikwa hivyo. Nikamwambia atumie iliyomo mpaka ikaribie kwisha, kisha ajaze hiyo.

Baada ya wiki mbili alirudi. Nilitegemea shukrani. Aliegesha nje, akashuka, akakaa mbali na gari.

"Amerudi," alisema.

"Nguvu zimerudi, dada."

"Fundi, nisikilize. Inavuta vile yeye alikuwa anavuta. Jana niligusa tu, ikanibandika kwenye kiti. Na hicho kiti kinaninyang'anya nafasi yangu. Nakisogeza mbele, kesho nikiingia kinarudi kwake."

"Unatumia ufunguo wake. Ufunguo hukumbuka mwenyewe alivyokaa, na kiti huufuata."

"Hapana. Huu ni wangu. Hata siku ile nilikupa wangu."

Niliuchukua ufunguo ule, nikaingia peke yangu, nikawasha. Kiti kilitulia. Nilizima na kuwasha mara tatu, hakuna kilichosogea. Nikamwomba aje akae pembeni yangu kama siku ile. Alipoingia na kufunga mlango, niliwasha tena, na kiti kikaanza kurudi nyuma chini yangu.

Nilingoja mpaka kikasimama.

"Dada," nilisema, "una nini mfukoni?"

Alitoa mkono kwenye koti taratibu. Kiganjani alikuwa na ufunguo wa pili, ule ambao ofisini kwa mumewe walimkabidhi pamoja na saa yake. Tangu siku hiyo hakuwahi kuuweka chini.

"Gari linausikia kwa mawimbi, kama redio," nilimwambia. "Hata ukiwa mfukoni."

"Kwa hivyo kila nikiingia, inadhani ni yeye."

"Ndiyo."

"Haijui amekufa."

Nikasema naweza kufuta kumbukumbu ya ufunguo ule, ni kazi ya dakika chache. Alininyooshea. Nilipougusa, aliufumbata tena mkononi.

"Wacha kwanza," alisema.

Akahamia kiti cha dereva, akakisogeza mbele kwa kitufe mpaka miguu yake ikafika, akaondoka.

Alikuja tena theluji ilipokwisha, kubadilisha oili. Nililiingiza gari ndani, yeye akiwa pembeni yangu. Kiti hakikusogea. Sikumuuliza ufunguo wa marehemu ameuweka wapi. Alikuwa akinisimulia habari za zamu yake mpya hospitalini, na alicheka mara moja.