Nilivyompimia Mzee Koti

Ningependa kusingizia uchovu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza ya duka la Mhindi hapa mjini, na jana nilikuwa nikishona tangu asubuhi sare za kaki za maboi, watumishi wa nyumba za matajiri wa Lavington. Mvua ilipoanza, wakapanda barazani mzee kipofu na bwana mmoja.

Nikamuuliza bwana, "Mzee wako anataka nini?"

"Labda koti."

"La rangi gani?"

"Kijivu itamfaa."

"Fundi..." mzee akaanza.

"Ngoja, mzee, tunakushughulikia." Nikampima mabega, nikakata kitambaa. Kisha nikamuuliza bwana jina la mzee wake.

"Nitajuaje? Mimi najikinga mvua. Umeniuliza, nikajibu."

Mzee akafungua kiganja. "Mkimaliza shauri lenu," akasema, "mnishonee hiki kifungo."