Tani Mia Tisa za Mlimani

Wewe unadhani injini moja ya treni ya mizigo inavuta tani ngapi? Usijibu haraka. Meneja wa reli alijibu haraka, akiwa kwenye kiti chake cha kuzunguka, akasema elfu tatu. Hakukosea: kwenye tambarare, reli ikiwa kavu, injini ile ilizivuta bila hata kukohoa. Lakini njia ile ilikuwa na mlima, na mlimani ilimudu mia tisa tu. Chuma hakipokei amri ya meneja.

Dereva wa injini hiyo alilijua hilo kwa miaka thelathini na moja. Karatasi ya mzigo ikizidi mia tisa, hakuitia sahihi mpaka mabehewa ya ziada yakatwe. Ndiyo maana wenzake wakamwita Mzee Hapana. Karani wa stesheni alimzushia kwamba hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama amemkubali bibi arusi, aliomba kwanza aone uzito. Mzee alicheka pamoja nao, akasema kawia ufike, na mabehewa yakakatwa.

Siku moja, saa nne asubuhi, mpwa wake alipiga simu. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyefua nguo za watu ili yeye asome, alikuwa amelazwa katika mji ulio mwisho wa reli.

"Mjomba, mama anakuulizia wewe tu. Daktari anasema tuhesabu saa, si siku."

"Mwambie nakuja na treni yangu. Jioni niko hapo."

Wageni hutolewa wodini saa kumi na mbili jioni. Akiondoka sasa hivi, angefika saa kumi.

Karatasi ilisema tani elfu moja na arobaini. Injini ya pili, ya kusaidia mlimani, ilikuwa karakanani mwaka wa pili huo ikingoja kipuri. Mabehewa matatu ya kukatwa yalikuwa katikati ya msururu. Kuyatoa kungekula saa mbili na nusu. Mzee aliitazama karatasi, akaitazama saa. Akatia sahihi.

"Leo umekuwa Mzee Ndiyo?" karani alimtania.

Mzee alipanda injini.

Katikati ya mlima manyunyu yalianza. Magurudumu yakateleza, yakawa yanazunguka pale pale. Msaidizi wake alifungulia mchanga wa kuyashikisha relini hadi ukaisha, na treni ikasimama. Dawa yake kila dereva anaijua, nayo ni chungu: unaikata treni vipande viwili, unapandisha nusu hadi kileleni, unarudi kufuata nusu nyingine. Msaidizi alishuka, akakaza breki za mkono behewa moja baada ya jingine. Aliporudi amelowa chapachapa, alisema kwa upole, "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mlima haudanganyiki."

"Sikuudanganya mlima. Nimejidanganya mwenyewe."

Kazi ile ilichukua saa nne. Na meneja? Meneja alikula chakula chake cha mchana kwa wakati.

Mzee Hapana alikuta lango la hospitali limefungwa. Mlinzi alimpa pole, akamwambia sheria ni sheria, aje asubuhi. Kwa simu, mpwa wake alimweleza kwamba reli ilipita nyuma ya wodi, na tangu alasiri, kila honi ilipolia, mgonjwa alisema, "Huyo ndugu yangu." Jioni aliacha kusema, ila macho yaligeukia dirishani.

Asubuhi lango lilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza kuingia. Kwenye ukumbi wa wodi alimwona mhudumu akisukuma kitanda cha magurudumu, dada yake amefunikwa shuka kuanzia unyayo hadi kichwani, na mpwa wake akifuata nyuma na ndala za mama yake mikononi. Mhudumu alikisukuma kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa unatafuta funguo za chumba cha maiti mfukoni.