Nilimlilia Mwimbaji Mbele ya Mama Yake
Habari ilinikuta shambani, kikapu hakijafika nusu. Simu ilitetemeka mfukoni, ikatetemeka tena, na nilipoitoa nikaona picha yake na mshumaa pembeni. Mwimbaji wetu alikuwa amefariki. Gari lililokuwa likimrudisha kutoka harusini, upande wa Fort Ternan, liliacha barabara alfajiri.

Nasema wetu kwa sababu alizaliwa kwenye kilima hiki hiki, juu ya Sigowet, nyumba ya sita kutoka kwangu. Mimi ni wa kuja. Nimezaliwa na Wakikuyu wenye duka mjini, nikaolewa huku, na Kikipsigis nilijifunza kwa nyimbo zake, nikiziimba vibaya jikoni huku mawifi wakicheka mpaka wanashika mbavu. Kundi la mashabiki wake kwenye simu nililianzisha mimi, na kiongozi wake nilikuwa mimi. Nataka hilo lijulikane mapema, maana mengi niliyoyafanya siku hiyo niliyafanya kwa kiburi cha uongozi.

Niliketi chini katikati ya michai nikalia. Kilio hicho kilikuwa cha kweli na sikijutii. Kisha nikaandika: "Nimempoteza ndugu yangu." Ndugu! Tulikuwa tumesalimiana labda mara nne. Kufumba na kufumbua pole zikaanza kuingia, kutoka Bomet, kutoka Soin, hata kutoka kwa watu walio ng'ambo, na zote zilikuja kwangu. Jipe moyo dada. Mungu akutie nguvu. Nilizisoma moja moja, na zingine nilizirudia. Niliona haya kidogo, lakini utamu ulizidi haya, na nikaendelea kujibu mpaka mchana.

Saa nane nilipeleka majani kituoni, pale tunapopimiwa kabla lori la kiwanda halijapita. Njiani nilikuwa nimepangusa macho, lakini nilipokaribia nikayaacha machozi yatiririke. Nilitaka waone. Watu walikuwa wamezunguka meza, wakichambua majani magumu na kuyatupa chini, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Redio ya karani, ambayo huimba kutwa, ilikuwa imezimwa. Nikawaka.

"Nyinyi ni watu wa aina gani?" nikasema kwa sauti. "Leo ndio siku ya kuzima redio? Hata wimbo mmoja hamwezi kumwekea?"

Karani alinitazama akatikisa kichwa, kidogo sana. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akanifinya mkono. Nikauchomoa. Nilikuwa nimeshika kasi, na hapo nikaangua kilio kile cha kutupa mikono hewani.

Ndipo akageuka mama mmoja aliyekuwa mwisho wa meza, kitambaa kichwani, majani bado mkononi. Mama yake mwimbaji. Sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Sikuwa nimemwona. Hiyo ni kweli na hainisaidii kitu, kwa sababu tangu asubuhi, katika zile pole zote nilizopokea, sikuwa nimemkumbuka hata mara moja.

Aliacha majani yake akaja akanikumbatia. Alinukia moshi wa kuni.

"Pole, mama. Pole sana," akasema, akinipapasa mgongo. "Ni nani ameenda kwenu?"

Nikaelewa yote kwa mara moja: kile kimya, ile redio, kule kufinywa. Kituo kizima kilijua. Mke wa mwanawe mkubwa alikuwa ameitoa betri ya simu ya Kogo makusudi. Watu walikuwa wakichambua majani pamoja naye na kumpimia kama siku yoyote, wakiwasubiri wanawe wengine na mchungaji watoke mochari, waje jioni, wamketishe nyumbani kwake, wamshike, ndipo wamwambie. Huku kwetu mtu haambiwi habari kama hiyo akiwa amesimama.

Ningeweza kudanganya. Nina shangazi mjini, mzima wa afya, ningemuua pale pale na Mungu angenisamehe. Badala yake nilimtazama Kogo usoni, nikaziba mdomo kwa mkono. Mikono yake ikaacha kunipapasa.

"Ni wangu?" akauliza.

Alikaa chini pale pale, juu ya majani yaliyotupwa, na karani akaruka mzani kumfikia.

Watu wa kilima hiki walinitetea, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Matangani nilisikia wakisema, "Huyo si wa huku, hajui mila." Nikainamisha kichwa nikakubali kuwa mgeni. Uongo mtupu. Nimeishi hapa miaka kumi na minne. Mimi mwenyewe niliwahi kushinda na jirani yangu tangu asubuhi, tukimenya viazi na kuteta mashemeji, nikijua kabisa kwamba mumewe amefia hospitalini, mpaka wazee wakafika. Nilijua mila. Na hata tulikozaliwa sisi kifo hakitangazwi kwa makelele kituoni.

Siku ya mazishi mashabiki walijaa, wamevaa fulana zenye sura yake. Wakamtafuta kiongozi wao apewe kipaza sauti aseme machache. Nilikuwa nyuma ya hema la wapishi, nikisugua sufuria, na nilipoitwa mara ya pili nikazidi kusugua. Jioni hiyo nikampa mwingine kundi, nikajiondoa.

Ilinichukua miezi miwili kwenda kwa Kogo. Nilimkuta akichuma chai peke yake upande wa chini wa shamba. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, lakini nilipomfikia yakanitoka matatu tu.

"Kogo, naomba msamaha."

Hakuacha kuchuma. Nikaingia mstari ulio kando ya wake, nikaanza kuchuma nami, nikitia kwenye kikapu chake, kwa kuwa sikujua mikono niiweke wapi. Tulifika karibu na mwisho wa mstari.

"Kuniambia, mtu angeniambia tu," akasema. "Kwa hiyo sikukasirika."

"Asante, Kogo."

"Lakini hiyo siku alikuwa amesema atapitia hapa nyumbani jioni. Nilikuwa nimemwekea maziwa. Hata pale kituoni nilikuwa nachambua majani haraka haraka, nisikawie, nimkute." Akachuma tena, akatia kikapuni. "Nyinyi wote mlikuwa mnajua amekufa. Mimi pekee ndiyo nilikuwa na yeye bado. Ungeniachia tu mpaka jioni."