Nguo za Nyanchoka

Bosibori amelea watoto wa wenyewe miaka mingi katika makao ya yatima huko juu ya Kebirigo, na vituko vyao vimemfanya sugu. Duke akivunja kioo, humgombeza huku akizoa vigae, basi yameisha. Lakini ukimtajia Nyanchoka, uso wake hukunjuka. Huyo ndiye mtoto, jamani! Anapiga deki bila kutumwa, na akisemeshwa anatazama chini, msichana aliyefunzwa akafunzika. Tangu aletwe kutoka Birongo baada ya kumzika mamake, hakuwahi kumsumbua mtu.

Maureen, mshauri wa watoto, alikuwa akija mara moja kwa mwezi kutoka Kisii mjini, na siku haikuwatosha wote. Bosibori ndiye aliyemchagulia wa kuona. Alimpelekea Duke na watundu wenzake.

"Na yule msichana wa jikoni?" Maureen aliuliza siku moja.

"Nyanchoka? Wacha we! Huyo hana shida, dada. Laiti wote wangekuwa kama yeye."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walishasema. Lakini nani ana wakati wa wahenga, na watoto wanalilia uji?

Juma lile Nyanchoka alimpa mtoto mmoja sweta yake. Kesho yake akagawa viatu vyake vya Sabato. Halafu leso ya mamake, ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuigusa, akaikunja vizuri akaiweka kitandani kwa Bosibori. Bosibori alifurahi mpaka akamsimamisha mbele ya kanisa. "Tazameni moyo wa kutoa!" Watu wakaitikia amina. Msichana akatazama chini.

Jumapili asubuhi hakuamka. Alikuwa amejaribu kujiua.

Hospitalini daktari alisema wangoje tu. Bosibori akangoja kando ya kitanda, ile leso mapajani, na hapo ndipo akili ilipomjia. Amekaa matanga mangapi huku Gusii? Ameona mara ngapi mashangazi wakigawana nguo mazishi yakiisha, huyu gauni, yule koti? Nguo zinazogawanywa hivyo ni za marehemu. Nyanchoka aliziona za mamake zikichukuliwa pale Birongo. Zake, kwa kuwa kule makaoni hakuwa na shangazi wa kumfanyia kazi hiyo, alizigawa mwenyewe. Na mimi nikamshangilia kanisani, mjinga mimi! Bosibori alijichukia kwelikweli.

Jioni msichana alifumbua macho.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekusumbua."

Bosibori akaangua kilio, wauguzi wakageuka. Akamfunika kwa leso ya mamake.

"Nisumbue, mwanangu! Piga kelele, tukana, vunja vioo vyote vya makao. Nisumbue, unanisikia?"

Nyanchoka akatazama chini.

"Sawa, mama," akajibu kwa adabu ileile.