Siku Mbeyu Alipomtaja Mumewe

Pale Galu hapakuwa na shughuli iliyofanyika bila Mbeyu kuwamo. Iwe arusi, iwe matanga, iwe ni kuezeka nyumba ya jirani kwa makuti, ungemkuta amejifunga leso kiunoni kabla mwenye shughuli hajaamka. Basi mwaka wa tatu baada ya Uhuru, Chifu Rai alipoitisha baraza akasema kwamba hoteli moja ya ufuoni Diani ina mashindano makubwa ya gofu, na kwamba wanatakiwa watu wa kujitolea, kila aliyeketi pale alimgeukia Mbeyu.

"Chifu," aliuliza Mbeyu, "gofu ndiyo ile Wazungu hupiga kijipira, kisha wakakifuata kwa miguu?"

"Ndiyo hiyo."

"Na sisi tujitolee nini? Tuwasaidie kutembea?"

Watu waliangua kicheko. Chifu naye alicheka, kisha akaeleza. Watakaokuja ni mabingwa ambao gofu ndiyo kazi yao, kutoka Nairobi na ng'ambo. Viingilio vya watazamaji hoteli imeahidi kuvitoa vyote kwa zahanati ya kijiji, ambayo kuta zake zilikuwa zikinyeshewa tangu masika kwa kukosa paa. "Hii ni harambee kama harambee nyingine," alisema. "Tofauti ni kwamba safari hii hatubebi mawe."

Mbeyu alikuwa amemzaa kitindamimba wake njiani kwenda hospitali ya Msambweni, juu ya lori la nazi. Hakuhitaji kubembelezwa.

"Niandike," alisema. "Na mume wangu mwandike."

"Mimi sikusema neno," Boga alinong'ona kutoka nyuma.

"Nimekusemea."

Boga alikuwa mkwezi wa minazi, mtu mpole asiye na makuu. Watu walizoea kusema kwamba Mwenyezi Mungu alipoigawia nyumba ile maneno, mmoja aliyachukua yote akaenda nayo.

Aliyewafundisha kazi alikuwa Jemima, msichana wa ofisini pale hotelini. Mchezaji akisimama kupiga, hata kikohozi kimezwe. Kamba ya kuzuia watu isivukwe. Na mpira, hata ukianguka juu ya kinyesi cha ng'ombe, hauguswi na yeyote isipokuwa mwenyewe. Mbeyu alipewa bendera mbili, nyeupe na nyekundu, akawekwa kwenye kona ya shimo la saba, mahali msitu ulipokaribia nyasi. Mpira ukionekana, ainue nyeupe. Ukipotelea msituni, nyekundu. Boga alipewa kamba aishike, hatua chache kutoka hapo.

Miongoni mwa wachezaji wote Mwafrika alikuwa mmoja, Karisa Thoya, mzaliwa wa upande wa Malindi, ambaye ujanani alikwenda Nairobi kuwabebea wengine mifuko ya fimbo mpaka akaujua mchezo kuliko wao. Watu wa Galu hawakuwa wamepata kumwona kabla ya siku ile. Lakini alipopita tu na suruali yake ya kijivu, akawaamkia kwa Kiswahili cha pwani, alikuwa keshakuwa mtoto wao. Boga ndiye aliyevutiwa naye zaidi. Walipokuwa wakila chakula cha jioni siku ya kwanza, alizungumza maneno ambayo kwa kawaida yangemtosha mwezi mzima.

"Umemwona anavyozungusha kiuno? Umeusikia ule mpira unavyolia hewani?"

Mbeyu aliacha tonge mkononi akamtazama. "Kumbe unajua kuongea!"

Siku ya pili, ya mwisho, Karisa alikuwa sare na kijana mmoja wa Kiingereza mwenye kofia nyeupe. Walikuwa wamebakiza mashimo matatu tu, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa lile la saba. Umati uliwafuata kwa minong'ono. Mbeyu, kule konani, alisikia fimbo ikilia na umati ukilitaja jina la Karisa, akauona mpira ukija juu ya miti. Ulipinda, ukagonga shina la mkanju, ukaanguka katikati ya mizizi yake.

Akainua bendera nyeupe.

Wachezaji walikuwa bado mbali, wamefichwa na kona. Mbeyu alipogeuka tena kuutazama ule mpira, alimwona Boga. Mumewe alikuwa ameiweka kamba chini. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha kwa ncha ya kidole gumba cha mguu akausukuma mpira taratibu, kama mtu anayemrudisha kifaranga kwa mamaye, mpaka ukakaa juu ya nyasi safi. Akarudi kushika kamba, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetoka kuswali. Wale waliokuwa karibu naye walitazamana wakatabasamu. Jirani yao Esha alijiwekea kidole mdomoni kutoka mbali, kumwashiria Mbeyu anyamaze.

Karisa alifika, akauona mpira wake umekaa vizuri, akavuta pumzi kwa raha. Refa, Mzungu mwenye kaptura ndefu na ndevu nyeupe, aliitazama bendera ya Mbeyu, akatikisa kichwa kumkubalia. Hakuna aliyemwuliza Mbeyu kitu. Angenyamaza, mambo yangekwisha hapo. Alimtazama Karisa akichagua fimbo. Alimtazama na yule kijana wa kofia nyeupe, aliyesimama pembeni akijifuta jasho, mgeni wa watu, hajui lolote.

"Ngojeni!" alisema, na sauti yake ikasikika mpaka kando ya bahari. "Mpira haukuangukia hapo. Ulianguka kwenye mizizi ya mkanju. Umesogezwa."

Refa alisogea. "Nani amesogeza?"

"Mume wangu," alisema Mbeyu. "Yule pale mwenye kamba."

Umati uliguna. Boga aliinamisha kichwa. Karisa alimkazia Mbeyu macho makavu.

"Mama, una hakika?"

"Ninayo, mwanangu. Laiti ningekuwa sina."

Refa alieleza kwamba mchezaji hana kosa, hivyo hatatozwa pigo, lakini mpira urudi ulipokuwa. Ukarudishwa mizizini. Karisa aliuzunguka, akachutama, akainuka, mwishowe akaigeuza fimbo yake na kupiga kwa mkono wa kushoto. Mpira ulitoka, lakini ulitoka tu, haukwenda popote. Mwisho wa mchezo alishindwa kwa pigo hilo moja. Kombe likaenda kwa mwenye kofia nyeupe.

"Mbeyu na ulimi wako!" Esha alimwambia walipokuwa wakikunja kamba. "Miaka yote hii unasema ovyo, leo ndiyo umeona useme kweli?"

Mbeyu alimaliza kukunja kamba. Alimtafuta mumewe akamkuta nyuma ya jiko la hoteli, ameketi juu ya kreti la soda.

"Boga. Umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia mwenyewe." Akakuna kidevu. "Lakini ungesema ni ngedere."

"Ngedere gani angeuweka vizuri namna ile? Ngedere angekimbia nao!"

Boga alijizuia, akashindwa, akacheka. Walikuwa bado wanacheka Karisa Thoya alipotokea, chupa ya soda mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu." Boga alisimama upesi, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Karisa alimshika mkono.

"Mzee, mimi nimefichiwa mipira, nimefichiwa fimbo, yote ili nishindwe. Wewe ni wa kwanza kunifanyia hila ili nishinde. Nitakukasirikiaje?" Akamgeukia Mbeyu. "Wewe, mama, pale mkanjuni nilikuchukia."

"Nilikuona."

"Sasa chuki imebaki kidogo tu."

Kisha akamwita Boga kwenye nyasi, akampa fimbo, akamwonyesha namna ya kusimama. Boga alizungusha kiuno alivyoona kikizungushwa, akachimbua donge la nyasi likaruka, mpira ukabaki pale pale. Akajaribu tena, na tena, wapishi wametoka jikoni kushangilia, mpaka Jemima akaja mbio kuziokoa nyasi za mwajiri wake.

Zahanati ilipata mabati kabla ya vuli. Ulipofika wakati wa kuchagua mtu wa kushika ufunguo wa stoo ya dawa, baraza lilivutana sana, kila ukoo ukimtaka mtu wake. Aliyesimama kulimaliza jambo hilo alikuwa Esha.

"Mwanamke aliyemtaja mumewe mbele ya umati," alisema, "kati yetu sisi atamficha nani?"

Mbeyu aliushika ufunguo ule miaka mingi, na ulimletea ugomvi na nusu ya jamaa zake. Mashindano yalifanyika mara mbili zaidi, kisha hoteli ikajenga vyumba juu ya uwanja. Karisa alirudi, akamaliza wa nne, akala wali wa nazi kwa Mbeyu mpaka akafungua mshipi. Boga, miaka yote miwili, Jemima alimpa kazi ya kuwachongea wageni madafu langoni, mbali kabisa na mipira.

Mtoto wa kwanza kuzaliwa zahanatini alikuwa mjukuu wa Esha. Bila shaka Mbeyu alikuwamo. Alipiga vigelegele hata mkunga akamshika bega, akamwomba kwa heshima zote atoke nje, mzazi apumzike.