Mama Yaishe na Wakaguzi

Pale kliniki hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mama Yaishe, hata daktari mkuu, mwenye kliniki yenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa meneja. Mgonjwa akija amefura kwa hasira, Mama Yaishe alimshika mkono, akamwingiza ofisini kwake, akamkalisha kwenye kochi lililochanika, akammiminia chai. Wakitoka hapo, mgonjwa anacheka. Vikao vya kujadili makosa hakuvitaka kabisa. "Sisi ni familia," alikuwa akisema, "na familia haiwekeani vikao." Utadhani hajawahi kuiona familia.

Basi wakaguzi wakaja. Hawakuja kukagua sindano wala vyoo, ingawa msafishaji alikuwa amevisugua mpaka mikono ikamchubuka. Walikuja kuangalia uongozi: nani anawajibika kwa lipi, na kosa likitokea linapelekwa wapi. Wasiporidhika, kliniki ingefungwa. Daktari mkuu alilowa jasho mpaka mgongoni mwa koti lake jeupe.

Mama Yaishe alikuwa amejipanga. Alimwalika mgonjwa wao wa zamani, muuza vitambaa mwenye maneno matamu, aje awasifie. Na kweli aliwasifia.

"Hawa wana utu," alimwambia mkaguzi. "Mimi majibu yangu ya uvimbe yalipotoka hospitali kubwa, watu wa huko walipiga simu hapa, wakamwambia dada wa mapokezi amwambie daktari. Kumbe daktari yuko likizo. Ikasahaulika. Nilipokuja kugomba, mama huyu alinipa chai, na daktari akaniomba radhi huku machozi yanamtoka. Utapata wapi watu wa namna hiyo? Bahati uvimbe wenyewe haukuwa mbaya."

Mkaguzi, mwanamke mpole mwenye miwani, alimgeukia meneja. "Baada ya hapo mlibadilisha nini?"

"Tuliambiana tuwe makini."

"Na je, kosa hilo lilitokea tena?"

Daktari aliinama akaangalia viatu vyake. Mama Yaishe alijua kwamba akisema hapana, yamekwisha, kila mtu anarudi kazini. Lakini muuza vitambaa alikuwa amekaa mbele yake, mzima wa afya, anatabasamu, na mdogo wake Mama Yaishe mwenyewe yuko kaburini.

Simu ya majibu ya mdogo wake nayo ilipokelewa pale pale mapokezi. Ujumbe wake nao uliachwa uende kwa mdomo, kwa daktari ambaye hayupo. Walipokuja kukumbuka, uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Baada ya mazishi daktari alikuja kulia kwenye lile kochi, na Mama Yaishe, yeye mfiwa, ndiye aliyemmiminia chai na kumwambia basi, yaishe. Tangu siku hiyo kosa hilo alikuwa akiliita ajali. Sasa alilisikia lile la kwanza likisimuliwa kama sifa, na moyo ukamuuma.

"Lilitokea," alisema. "Kwa mdogo wangu wa tumbo moja. Lile la kwanza tungelikalia kikao, huenda leo angekuwa hai."

Muuza vitambaa aliacha kutabasamu. Mkaguzi alimsogezea Mama Yaishe glasi ya maji, akangoja.

Jioni hiyo Mama Yaishe hakusubiri kujua kama kliniki itafungwa. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mume wa marehemu, akamkuta anapiga pasi sare ya shule ya mwanawe. Tangu msiba, mtu huyu hakuchoka kumshukuru kwa jinsi alivyomuuguza mkewe. Mama Yaishe alimweleza yote akiwa amesimama. Kiti alikikataa.

Shemeji alichomoa pasi ukutani. Aliikunja ile sare polepole, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha chai, akamwekea mezani. Nusu ya chai ilikuwa imemwagikia kwenye kisahani.

"Basi, shemeji," alisema bila kumtazama. "Yaishe."

Ndivyo Mama Yaishe alivyowafanyia watu miaka yote, na hakuwahi kujua kikombe hicho kinavyomkaba anayepewa. Alikisukuma kile kikombe pembeni.

"Nigombeze," alisema. "Nakuomba, shemeji, nigombeze."